Fundi Mkuu Arudi Melini

Binti alikuwa ameongoza wapiga mbizi mia kadhaa, lakini hakuna aliyemtia wasiwasi kama baba yake. Mzee ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa meli iliyozama hapo chini ya boti yao, na leo alitaka kuiona injini yake.

"Baba, geji ya hewa ya mtungi wako ikishuka hadi sabini tunapanda, hata kama umeshika mlango."

"Mama, nilisoma geji kabla wewe hujajua kulia."

Chini, mzee alipiga maji kwa mikono kama anayefukuza kuku, na hewa ikapungua upesi. Walipofika kwenye tundu la chumba cha injini, binti akajiandaa kumkamata mguu. Mzee akachungulia, akatazama geji, akamwonyesha: sabini na moja. Akageuka mwenyewe.

Botini mzee akavua barakoa, akicheka. "Nimeona ngazi. Samaki chewa kailalia, mnene kama nahodha wetu!"

"Na injini?"

"Haiendi popote. Nifundishe kutuliza mikono, kesho turudi."

Binti akamfunika taulo mabegani, kisha akamwonyesha namna ya kufumbata mikono kifuani.