Redio ya Bei Chee

Nilimwambia mume wangu abadilishe spika za milangoni tu, redio iliyokuja na gari aiache. Rabson kwa kupenda mteremko akanunua redio iliyotumika kwa mtu asiye na duka.

Leo foleni ya malori ilitukwamisha eneo la Mpemba. Rabson akaiwasha redio yake. Bluetooth ikajiunga yenyewe na simu ya mtu. Mbele yetu dereva wa teksi alisimama nje, simu sikioni, akiita halo, halo, hasikii kitu. Sauti ya mkewe ikatokea kwenye milango yetu.

"Baba Anyitike, ile redio yako iliyoibwa umeipata?"

Rabson alibonyeza kila kitufe. Yule bwana alikuwa ameshainama dirishani kwangu.

"Mama, mwambie nimeipata."