Baba wa Ubaoni

Nimelala nchi nyingi na kusoma vipande vipande, darasa moja huku, jingine kule, na Kiingereza nilikiokota majikoni mwa meli. Nilipofikia kwa mwanangu kupumzisha miguu, mjukuu wangu, ndiyo kwanza kaingia kidato cha kwanza, akanigeuza kamusi.

"Babu, 'kuzibua' Wazungu wanasemaje?"

"Mumeo nimechoka, mke wangu. Lete chai kwanza."

"Mume gani hana meno! Sema bwana."

Alikuwa anaandika insha ya Kiingereza juu ya baba yake. Mwanangu huyo ni mzibuaji wa vyoo na mitaro. Mtaani wanamwita Bomba. Binti aliandika kwamba baba yake akirudi kazini ananawa nje, ananawa tena ndani, kisha ananusa vidole kabla ya kumbeba kitindamimba. Sentensi zilichechemea, lakini zilifika. Alipomsomea baba yake na kumgeuzia kwa Kiswahili, Bomba alitazama ukutani.

"Mpaka vidole umeviona, mama?"

Siku ile alikula huku anatabasamu peke yake.

Insha ikarudi na alama nne kwa ishirini.

Nikaenda shuleni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa kijana wa watu, macho mekundu, madaftari yamempita kimo. Hakunificha kitu. Jumatatu anaandika insha ya mfano ubaoni, darasa linaiimba wiki nzima, Ijumaa ubao unafutwa na kila mmoja anaiandika kwa kichwa. Anayefanana na ubao ndiye anayepata.

"Ya huyu imefanana na baba yake," nikasema.

"Mzee wangu, nina watoto tisini. Nikianza kusoma baba tisini, nitalala lini? Na mtihani wa mwaka unasahihishwa hivyo hivyo. Akianguka insha, anarudishwa darasa la matayarisho, lile la kabla ya kidato, mwaka mzima umekwenda na maji. Ndivyo unavyotaka?"

Nyumbani nilianza kumweleza mjukuu wangu, akanikata kauli.

"Najua, Babu. Nimeshaanza kuikariri ya ubaoni."

Aliikariri kweli. Kwenye mtihani hakuacha hata nukta, akaongoza darasa, akachaguliwa kuisoma siku ya wazazi. Mimi nilidhani kamwambia baba yake kwamba insha si ile. Yeye alidhani nimemwambia mimi. Bomba alichoambiwa ni kwamba bintiye atasoma insha ya baba, basi. Akapiga pasi shati, akaenda mapema, akakaa mstari wa mbele.

Binti alisoma kwa sauti safi, bila kukwama. Bomba akaniinamia.

"Ameshafika kwenye vidole?"

"Bado."

Ukaja ukurasa wa gari jeupe, ukaja wa Jumapili ufukweni. Halafu likaja neno ambalo hata asiyekanyaga shule analijua.

"Dokta?" Bomba akanong'ona. "Kwani nani anaumwa?"

Upande wa pili wa ukumbi kidato cha kwanza kizima kilikuwa kimekaa kwenye mabenchi, na midomo yao yote ilicheza pamoja na ya binti, neno kwa neno, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki nyuma. Mwanangu aliwatazama wale watoto muda mrefu.

Watu walipopiga makofi alipiga na yeye, kwa nguvu, mpaka jirani yake akageuka kumtazama.

Nje binti alitujia mbio, jasho la furaha usoni. "Baba, sirudishwi! Nimepita!"

"Hongera, mama. Umesoma vizuri sana." Alimwekea kola sawa, ingawa ilikuwa sawa. "Na yule dokta, yeye anatibu nini?"

Binti alinitazama mimi, akatazama viatu vyake.

"Sijui, baba. Mwalimu hakuandika."