Shamba Alilolichagua Mzee Hibma

Siku ya nne ya kukanyaga theluji, Sjoerd Hibma alitokeza kwenye uwazi katikati ya msitu wa Michigan, akapiga magoti. Ardhi ilikuwa imelala tambarare hadi mtoni, imekwisha kufyekwa, na pale theluji ilipokuwa imeyeyuka udongo ulionekana mweusi. Nyuma yake, katika ghala moja mjini Allegan, watu arobaini na watatu aliowatoa Friesland, Uholanzi, walikuwa wakimsubiri, nusu yao wakikohoa. Yeye ndiye mzee wao wa kanisa, na ndiye aliyewaambia wauze ng'ombe wapande meli.

"Nilikwambia," alisema Teunis Roosa, wakala wa ardhi, kwa Kiholanzi cha babu zake wa New York. "Na wewe ulidhani nakupeleka porini ukafe."

"Nani amelifyeka shamba hili?"

"Moto, upepo, mimi nijuaje? Chimba uone kina chake, Mzee, turudi. Miguu yangu imekufa ganzi."

Hibma akachimba. Sepeto ilishuka vizuri, kisha ikachana kitu kilicholia kama kitambaa kikavu. Akainama, akaondoa udongo kwa vidole. Lilikuwa gome la mti, limeshonwa kwa uangalifu, na pale lilipochanika palionekana ushanga wa buluu na mkono wa mtoto.

Sepeto ilimtoka.

"Funika twende," Roosa alinong'ona. "Ni kaburi la Waodawa, wenyeji wa msitu huu. Hawapo, wamekwenda kuwinda."

Lakini mmoja alikuwapo. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mwisho wa shamba, mkononi ndoo ya utomvu wa miti uliogemwa kwa kupika sukari. Akaja polepole, akachungulia shimoni, akaketi ukingoni. Alipozungumza, alizungumza Kifaransa cha mapadri, na Hibma, aliyekiokota ujanani katika jeshi la Wafaransa, akamwelewa.

"Huyo ni mjukuu wangu. Tulimzika kabla ya baridi. Mimi naitwa Manyan. Wewe baba, unatafuta nini humo?"

"Ardhi," Hibma alisema, na neno lenyewe likamtia aibu. "Nimeambiwa haina mtu."

"Nani kakwambia? Mahindi ya hapa nimepanda mimi. Ulipouliza, ulimuuliza nani?"

Hibma akamtazama Roosa. Roosa alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Mrudishe alivyokuwa," Manyan alisema. "Kwa mikono. Hicho chuma kiweke mbali."

Hibma akamfukia kwa mikono, kisha wakarudi Allegan.

Ghalani aliwaeleza yote, na kwamba iliyobaki ni ardhi ya kinamasi upande wa kusini. Mkewe, Baukje, alimvuta binti yao karibu. Wiebren Postma, mwashi, akasimama. "Kwa hiyo tukalale kinamasini kwa sababu ya kaburi moja? Sisi watoto wetu hawafi, Mzee?"

"Pale sitawapeleka."

Wakahamia kusini, kwenye matope. Kiangazi hicho homa iliwachukua tisa, na wa tatu alikuwa Trijntje, binti wa Hibma mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu usoni. Walianza tu kuondoka, familia moja moja, wakisema wanakwenda kutafuta kibarua mjini.

Msimu wa vuli alitembea kwenda mtoni kumtafuta Manyan. Alisikia shoka kabla ya kuona. Nyumba mbili za magogo zilikuwa zimesimama, na ng'ombe wawili walikuwa wakivuta jembe la kukokota juu ya pale alipozikwa mtoto. Aliyeshika jembe alikuwa Postma.

"Karibu, Mzee," Postma alisema kwa furaha ya kweli. "Roosa alituuzia. Tumekuwekea sehemu yako karibu na maji. Mwite mama Baukje."

Hibma alitazama mifereji ya jembe. Ilikwenda sawasawa, bila kukwepa popote.

"Wenyewe wako wapi?" aliuliza.

"Akina nani?"

Postma akawapigia ng'ombe mluzi waendelee.

Hibma aliketi kwenye kisiki hadi Postma alipomaliza mstari, akageuka, akarudi. Kisha akainuka kwenda kumwambia Baukje alichokiona, na njia nzima hakujua angeanzia wapi.