Salfa Haichagui Tundu

Huku Mtawanya, mikorosho ikianza kupuliziwa salfa, unga wa dawa unaowasha pua, mwezi wa sita, kila mwenye pua anageuka daktari. Tundu la kulia la pua ya mume wangu Shafii lilipoziba, mtaa mzima ukamwambia ni salfa. Shemeji yangu Mustafa, asiyejua hata kusoma karatasi ya dawa ya minyoo, akamwamuru ajifukize majani ya mkaratusi. Mwenye duka la dawa akampa matone bila kuinua macho kwenye simu.

Desemba ikafika, mvua imeshaosha salfa yote, na tundu limeziba vilevile. Wakasema ni mabaki. Mwaka wa pili jicho la kulia likaanza kutokeza nje na kuona ukungu. Mabingwa wetu wakasema salfa imepanda juu. Ujinga nao una ngazi.

Ndipo nikampeleka hospitali mjini. Daktari Irene, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, aliuliza swali ambalo kwa miaka miwili hakuna aliyeliuliza.

"Baba, inaziba pande zote mbili?"

"Huu wa kulia tu."

"Na hiyo salfa ilichaguaje upande?"

Shafii akapigwa picha ya kichwa, akakatwa kinyama ndani ya pua, kikapelekwa maabara. Baada ya wiki tatu tukaambiwa ni uvimbe ulioota kwenye ganda la neva, ukajaza vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Ni nadra sana, alisema daktari, lakini si saratani.

Wakautoa kupitia puani. Shafii akavuta pumzi kwa matundu yote mawili, akacheka. Jicho halikupona. Neva yake ilikuwa imebanwa muda mrefu mno.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Irene aliuliza huku anajaza faili, "Nani aliwaambia msubiri?"

"Majirani," nikawahi kujibu. "Watu wa huku hawana akili, daktari."

Shafii akanigeukia, akanitazama kwa jicho lililobaki. Mwaka wa kwanza alikuwa ameshavaa shati la kwendea hospitali, na mimi ndiye niliyemwambia hatuachi mikorosho kwa ajili ya mafua ya salfa.

"Andika hivyohivyo, daktari," akasema. "Majirani."