Chakula cha Muthoki

Siku ya kwanza Musyimi kuchemsha mayai, aliyaepua mapema mno. Muthoki alipolipasua la kwanza, ute ulimtiririkia hadi kiganjani. Alilitazama, akamtazama mumewe, kisha akatoka nje akishika ukuta, na Musyimi akamsikia akitapika karibu na tangi la maji.

Musyimi alikuwa na miaka sitini na mitatu na hakuwa amewahi kumpikia mtu. Miaka thelathini aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala, akila vibandani, na kila akija nyumbani Nunguni alikuta chakula mezani. Lakini sasa mkewe alikuwa amepungukiwa nguvu hata za kuinua sufuria.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri. Muthoki alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane, sukari ilikuwa juu, na magoti yalimuuma hata kanisani hakuweza kusimama wimbo mzima. Daktari akamwanzishia sindano ya kupunguza uzito, moja kila wiki. Kilo zikaanza kushuka. Akina mama wa kanisa wakawa wanamzunguka baada ya ibada. "Mama Kyule, umependeza! Unarudi usichana!" Musyimi naye alitembea kifua mbele, kana kwamba kazi ile ni yake.

Hakuna aliyeuliza anakula nini. Hakuwa akila. Asubuhi kikombe cha chai, jioni matonge mawili ya ugali, basi. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Halafu asubuhi moja akaanguka mlangoni pa choo akashindwa kuinuka, na Musyimi ilibidi amwite jirani yake, Nzau, wasaidiane kumbeba.

Huko kliniki daktari alipunguza kipimo cha sindano, kisha akawatuma kwa mtaalamu wa lishe, msichana wa Kitui aliyejitanda mtandio wa kijani, jina lake Najma. Alimpa Muthoki mkono, akamwambia aufinye kwa nguvu zake zote. Mkono wa Muthoki haukufinya kitu.

"Baba, dawa imemwondolea hamu ya kula," Najma alisema. "Haikumwondolea haja ya chakula. Mwili ukikosa protini unaanza kula misuli yake wenyewe. Ndiyo maana miguu haimshiki."

"Na nitafanyaje, kama hataki hata kuona sahani?"

"Sahani kubwa weka kando. Mpe kidogo, mara nyingi. Yai moja. Kikombe cha maziwa mala, yaliyoganda. Ndengu uzichemshe uziponde. Samaki akipatikana. Aanze na hivyo kabla ya ugali. Vya kukaanga kwa mafuta mengi viache, vitamtapisha. Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Na mshike mikono, asimame na kuketi kitini mara kumi kila siku." Akayaandika yote kwenye karatasi, na Musyimi akaibandika ukutani jikoni.

Mayai ya siku ya pili yaliiva. Ya siku ya tatu yaliiva vizuri zaidi. Akajifunza kuloweka ndengu jioni na kuziponda na ovakado mpaka zikawa laini kama za mtoto. Akajua kwamba siku mbili za kwanza baada ya sindano Muthoki hawezi kuvumilia harufu ya kitunguu, kwa hiyo siku hizo hakukikata ndani ya nyumba. Nzau alimkuta akiosha bakuli akamcheka, "Bwana dereva, siku hizi umefungwa leso kiunoni!" Musyimi akamjibu, "Pitisha hiyo sabuni," akaendelea.

Kila asubuhi alimshika mikono wakahesabu kwa sauti. Mwezi wa kwanza Muthoki aliishia mara nne. Mwezi wa tatu alifika kumi, halafu akaiachilia mikono ya mumewe akasimama mwenyewe. Mwezi wa tano alitembea peke yake hadi sokoni Nunguni, kwenye ule ukungu wa asubuhi, akarudi na kabeji mbili. Musyimi alikuwa amesimama kwenye lango. Alipomwona akipanda kilima bila kupumzika, machozi yalimtoka, akasingizia baridi.

Siku hiyohiyo, saa sita mchana, Muthoki aliingia jikoni akaketi kwenye kigoda. Musyimi alikuwa anaponda ndengu.

"Baba Kyule, weka chini huo mwiko."

Akauweka.

"Zamani nilikuwa nawaza chakula tangu ninapoamka," alisema. "Nikimaliza kula, nawaza nitakula nini tena. Ilikuwa kama kelele. Hii sindano imeinyamazisha. Sasa kichwa kimetulia, na mtu ninayemsikia humo ni Ndila."

Jina hilo halikuwa limetajwa katika nyumba hiyo kwa miaka ishirini na sita. Ndila alikuwa mtoto wao wa kwanza. Malaria ilimchukua akiwa na miaka sita. Kabla ya hapo watu walimwita Muthoki Mama Ndila; baada ya mazishi wakaanza kumwita kwa jina la Kyule, mdogo wake Ndila, kimyakimya, wakidhani wanamhurumia.

"Ujumbe wa msiba ulikupata Malaba, mpakani," Muthoki akasema.

"Nilikuwa na mzigo wa Kampala. Ningepoteza kazi."

"Najua. Mzigo wa sabuni. Tukamzika mimi na kaka zangu. Ulikuja wiki tatu baadaye. Unakumbuka ulisema nini ulipoingia?"

Musyimi alitafuta kichwani akakosa.

"Ulisema pole, Mungu ndiye anajua. Halafu ukauliza kuna nini ya kula." Muthoki hakuwa ameinua sauti. "Nikakupikia. Nikasimama hapo mlangoni nikakuangalia ukila mpaka ukamaliza. Ulipolala nilikula kilichobaki kwenye sufuria, kwa mkono, nimesimama. Sijawahi kushiba tangu siku hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ukiwa wapi?"

Musyimi alipiga magoti pale kwenye majivu ya meko, mzee mzima. "Nisamehe, Muthoki."

"Nimekusikia. Na sitasema uongo, miezi hii umenitunza. Tangu mama yangu afe hakuna mtu amenilisha hivi. Lakini kila ukiniletea hilo bakuli roho yangu inalia. Najiuliza, kumbe ulikuwa unaweza?"

Nje kuku walikuwa wanachakura.

"Nitaenda kwa Mbithe, Tawa," Muthoki alisema. Mbithe alikuwa dada yake, mjane. "Nguvu ninazo sasa."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

Aliondoka Jumatatu. Musyimi aliichukua ile karatasi ya Najma akainakili yote kwa herufi kubwa ili Mbithe asome bila miwani, akaongeza chini habari ya kitunguu. Akamchemshia mayai mawili. Muthoki aliyapokea, akamshukuru kama mtu anavyomshukuru mwenyeji wake, akashuka kilima kwa miguu ile aliyorudishiwa na mumewe.

Wiki mbili Musyimi alikaa hajui kazi ya mikono yake. Kyule alipiga simu kutoka Nairobi kuuliza kulikoni, na baba yake akamwambia, "Mama yako ameenda kupumzika."

Asubuhi ya wiki ya tatu alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, kwenye pembe ya shamba isiyolimwa. Miaka yote alipita pembeni yake akitazama mbele. Tuta la kaburi lilikuwa limelala sawa na ardhi, nyasi zimefika magotini. Aliinua jembe, kisha akalishusha pole pole. Hakujua mtoto amelala vipi. Aliogopa kukanyaga kichwa chake.

Akampigia Muthoki.

"Niko kwa Ndila," alisema. "Nataka kumsafishia. Kichwa kiko upande gani?"

Alisikia kikohozi cha Mbithe, na mlango ukifungwa.

"Kichwa kiko upande wa mlima," Muthoki akasema. "Tulimlaza akiangalia barabara. Siku zile zote za homa alikuwa anauliza utakuja lini."

Simu ikakatwa. Musyimi alilitupa jembe mbali, akaketi upande wa mlima, akaanza kung'oa nyasi kwa mkono.