Mchague Mama Yako

Kwenye meli yetu kuna sheria moja ambayo haijabandikwa ukutani: mgeni asijue unachokitaka. Watu wanaopanda meli ya starehe wameshaona kila kitu, wameshakula kila kitu, na wamechoka kuliko sisi tunaobeba masinia. Wakijua unachokitaka, umekwisha. Wewe ndiye mchezo wao wa mchana.

Sheria hiyo nilifundishwa na dada yangu, siku aliponiingiza kazini. Shule ilikuwa imenishinda, na mimi kukaa nyumbani siwezi, kiti kinanichoma. Akanitafutia kazi ya kuondoa sahani. Yeye anamimina mvinyo kwenye chakula cha mchana cha wakubwa, kile ambacho chakula chenyewe ni kidogo kama jicho la kuku lakini glasi haziishi. Pale ukishaanza kumimina hutoki mpaka mgeni wa mwisho ainuke, hata kama kalala mdomo wazi.

Basi bwana, safari hii tukatia nanga bandari ya kwetu. Kwetu hasa. Dada alimwacha mwanawe kwa mama akiwa bado anatambaa, na sasa ana miaka minne, anaimba, anatukana, anabishana na bibi yake. Wanajuana kwa simu tu, tena sauti peke yake, maana mtandao wa wafanyakazi picha haupitishi. Sisi wafanyakazi tuna kawaida yetu: ikifika bandari ya kwenu, mwenzio anakushikia zamu. Dada akashikiwa na msichana wa vitindamlo tunayemwita Keki. Mama na mtoto walikuwa getini tangu asubuhi. Dada keshavaa viatu vya kushukia.

Mama Lulu akaharibu. Huyo ni mgeni wa meza ya dada; jina hilo tulimpa sisi kwa ule mkufu wa lulu anaoga nao.

"Huyu anamimina kama anamwagilia bustani," akasema, glasi ya Keki akaisukuma. "Yuko wapi wangu?"

Msimamizi wa ukumbi, tunamwita Kola kwa vile shingo yake haigeuki, akanituma. Nikamkuta dada keshafika ngazini. Akarudi. Akamimina. Halafu akafanya kosa ambalo mwenyewe alinikataza.

"Mama, naomba ruhusa nishuke kidogo. Mwanangu yuko hapo getini. Sijamwona tangu anatambaa."

Mimi nilikuwa na sahani mpaka kidevuni. Sikuweza hata kumkonyeza.

Mama Lulu akashika kifua. "Maskini wee! Mbona hukusema? Ushuke uende wapi? Mleteni hapa, tumwone sote!"

Kwa mtu kama yule, mlinzi alikimbia. Bibi mtu akaambiwa hana kibali, abaki getini. Mtoto akapandishwa peke yake, kavaa shati la sikukuu limefungwa mpaka kooni. Aliponiona tu akapiga kelele, "Mjomba!" Akanirukia mguuni; mimi nimetoka nyumbani mwaka jana tu, ananijua.

"Aah, huyu anatuharibia mchezo," akasema mume wa Mama Lulu, uso mwekundu kwa mvinyo. "Kijana, wewe shika simu yangu, utupige video. Sasa wapangeni wasichana wote! Mtoto amchague mama yake."

Meza nzima ikapiga makofi. Mmoja akaweka dau la chupa.

Wasichana sita wakapangwa ukutani, sare moja, nywele zimebanwa namna moja. Kola akapita mbele yao kama anakagua gwaride. "Hakuna kuongea. Atakayefungua mdomo atabaki bandarini na begi lake." Akanigeukia mimi mwili mzima. "Na wewe ukimwonyesha, mtashuka wawili."

Nikatazama sakafu. Ningefanyaje?

Mtoto akapita taratibu, anawatazama mmoja mmoja kuanzia viatuni. Dada alikuwa wa tatu. Midomo kaibana mpaka imekuwa myeupe, macho yamejaa, uso umekunjamana kama anaumwa jino. Mtoto akasita mbele yake. Akaogopa. Akarudi nyuma hatua moja. Keki alikuwa anatabasamu, na mtoto mdogo huenda kwenye meno. Akaenda akaishika sketi ya Keki.

Ukumbi ulicheka mpaka vijiko vikalia. "Chupa yangu!" mtu akapiga kelele. Keki naye, masikini, hakujua acheke au alie.

Hapo dada akashindwa. "Mwanangu," akasema. "Mwanangu, ni mimi."

Mtoto akageuka kwa kasi, uso umemng'aa. Sauti ile aliijua! Akakimbia. Lakini hakukimbilia kwa dada. Alinikimbilia mimi, akaning'ang'ania mkono ulioshika simu.

"Mjomba, mama anapiga! Nipe niongee naye!"

Mzee mmoja alicheka mpaka mvinyo ukamtoka puani.

"Basi, basi," Mama Lulu akafuta macho. "Lakini video haijawa nzuri. Nataka ile ya kukumbatiana, niwatumie wanangu. Turudie! Na wewe binti, safari hii utabasamu, umemtisha mtoto."

Kola hakumfukuza mtu, mgeni alikuwa kafurahi. Dada akarudi ukutani, nafasi ileile ya tatu. Mama Lulu akamvuta mtoto pembeni, akamnong'oneza sikioni huku anamwonyesha kwa kidole chenye pete. Kisha akamwachia.

Mtoto akaenda moja kwa moja. Dada akapiga magoti, akatabasamu kama alivyoagizwa, na mtoto akamwangukia shingoni kwa nguvu zote. Ukumbi ukasimama. Watu walilia kweli, wanapapasana mabega.

Mimi nilikuwa karibu kwa sababu ya video. Nilisikia.

"Umenijua, baba?" dada alimuuliza sikioni.

"Yule bibi kasema nikimshika wa tatu napewa peremende," mtoto akasema. "Wewe si ndiye wa tatu?"

Dada akamlegeza kifungo cha kooni. "Ndiye," akasema. "Umepatia. Nenda kachukue."

Mtoto akajichomoa, akaenda kupanda mapajani kwa Mama Lulu. Dada akabaki kapiga magoti, mikono bado imekaa kama imeshika mtu. Kola akamwekea chupa mkononi.

"Meza ya dirishani glasi ni tupu."

Akainuka, akaenda kumimina.

"Kijana," Mama Lulu akaniita, mtoto anatafuna mapajani kwake. "Umeipata yote?"

"Yote, mama," nikamjibu.