Mteja Mmoja, Namba Moja

Umeme wa zamu ulirudi saa moja na nusu, na Imakulata akaiwasha kompyuta kabla hajavua hata kanga aliyojitanda kwa baridi ya asubuhi. Mashine ilichukua muda wake kuamka. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kama mzee anayetafuta ndala chini ya kitanda. Nje, barazani, foleni ilikuwa imeshafika kwenye mzani.

Ilikuwa siku ya malipo ya korosho. Ubaoni, bei ya mwaka jana, shilingi 600 kwa kilo, ilikuwa imefutwa kwa kitambaa kikavu, kwa hiyo bado ilionekana chini ya 380 ya mwaka huu. Kila mkulima aliyefika aliisoma kwanza iliyofutwa, kisha ndiyo akaisoma iliyoandikwa.

Imakulata alikuwa karani wa hesabu hapo Masasi. Miaka kumi na sita aliutumikia ushirika, kwa kalamu ya wino na vitabu vizito vya kubeba kwa mikono miwili. Wanunuzi binafsi walipofunguliwa milango, ushirika ukayumba, naye akapunguzwa kazi. Alikaanga vitumbua miaka miwili nje ya hospitali pale Mkomaindo, mpaka kampuni hii ya kununua korosho ikamchukua. Na asubuhi hii hii mwenye nyumba wake alimsimamisha mlangoni, akamwambia kodi imepanda na sasa anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Imakulata aliitikia tu. Kuitikia hakuna gharama.

Juu ya kompyuta ilibandikwa karatasi ya Cyril, mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam mwezi wa nane kuja kuifunga mashine. Alikaa siku mbili, akala kuku siku mbili, akaacha maagizo. Usiandike jina zima, mpe kila mteja namba fupi. Tumia vibonye vya juu, vina kasi kuliko mausi. Linganisha na kitabu cha benki kila Ijumaa, usingoje mwisho wa mwezi. Toa nakala kwenye disketi mbili, na moja ilale nyumba nyingine. Kinachojirudia kila mwaka usikiandike tena, iamuru mashine ikiandike yenyewe. Mteja mmoja, namba moja. Majina yakifanana, yaunganishe.

Na kusema kweli yalimsaidia. Kazi ya siku tatu sasa aliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Macho ndiyo yalimuuma, na mgongo kidogo.

Akaiamuru mashine ichape orodha ya malipo. Printa ikaanza kulia, karatasi ikashuka mpaka sakafuni. Imakulata akaipitia kwa rula, mstari kwa mstari, kama alivyozoea tangu enzi za ushirika, na kwenye jina la Sultani Nalinga rula yake ikasimama.

Sultani Nalinga, kilo 412. Thamani, shilingi 156,560. Makato: salfa mifuko minne, Juni mosi 1998. Salfa mifuko minne, Juni mosi 1999. Salfa mifuko minne, Juni mosi 2000. Riba juu yake. Jumla ya makato, 160,200. Mkulima alidaiwa zaidi ya alichovuna.

Si deni lililomshtua. Ni zile tarehe. Akashusha kitabu cha zamani kutoka juu ya kabati, akatafuta ukurasa, na pale alikuta mwandiko wake mwenyewe, kwa wino mwekundu: amefariki Februari 1998.

Akavuta kiti, akaketi vizuri. Mwezi wa pili mtu anazikwa, mwezi wa sita anakuja kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho. Mwaka unaofuata anakuja tena. Mwaka huu pia. Na kwenye safu ya saa, mara zote tatu, mashine iliandika saa sita kamili za usiku.

Akarudi juu ya orodha na kitabu mkononi. Akamkuta wa pili, halafu wa tano. Akamkuta Safari Mchinjika, aliyefia njiani kwenda Ndanda, na jeneza lake yeye Imakulata alilisindikiza. Amechukua mifuko sita. Alipofika chini walikuwa ishirini na watatu. Wote walikuja usiku ule ule, saa ile ile, wakachukua, wakaondoka, na ghala lilikuwa na kufuli.

Ukuta uliogawa ofisi na ghala haukufika darini, kwa hiyo kila asubuhi vumbi la salfa, la njano, lilikuwa limelala juu ya meza. Kwenye vibonye vya mashine zilikuwepo alama za vidole. Imakulata alizitazama kwa muda. Kisha akaweka vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. Vikatosha sawasawa.

Hapo akaelewa, na kuelewa hakukumpa nafuu. Cyril alipoifunga mashine aliingiza daftari la mwaka 1997, la kila aliyekopa salfa, akaiamuru irudie kila Juni mosi. Mashine ikatii. Siku ile ile ilijaza miaka yote ya nyuma kwa pamoja. Walio hai walikuja na risiti zao, wakagomba dirishani, wakafutiwa. Waliokufa hawakuja kugomba.

Lakini deni la marehemu lilifikaje kwa aliye hai? Hilo lilikuwa la Imakulata. Mtu mzima akifa huku kwao, jina halizikwi naye. Baada ya mazishi ukoo wa mama unakaa, unamchagua mpwa, anavishwa lile jina na anakabidhiwa nyumba, shamba na mjane wa kutunzwa. Tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Wazee waliomzidi umri wanampa shikamoo. January, kijana wa dada yake Sultani, alivishwa jina la mjomba, na alipoanza kuuza korosho alijiandikisha hivyo hivyo: Sultani Nalinga. Wiki iliyopita mashine ilimwonyesha Imakulata majina mawili yaliyofanana, ikamuuliza ayaunganishe au ayaache. Akaunganisha. Akaunganisha mara ishirini na tatu, haraka, umeme usije ukakatika. Mgeni angeuliza ni watu wawili au mmoja. Yeye hakuuliza, kwa sababu kwake pia Sultani alikuwa mmoja.

Alichukua orodha na kitabu, akaenda chumba cha pili kwa meneja.

Meneja aliitwa Sadallah, aliletwa kutoka Morogoro, mtu wa shati safi na maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba disketi ilishapelekwa makao makuu Jumatatu, na makao makuu yalishapiga simu kulisifu tawi la Masasi: madeni ya salfa ya miaka mitatu, yaliyoshindikana kote kusini, yamekusanywa kwa wiki moja. Akifungua hesabu moja itabidi afungue zote, na pengo lile litaandikwa kwa jina la nani? Akamtazama. Imakulata akawaza miezi sita ya kodi.

"Lipa wanaolipika, mama," Sadallah akasema. "Atakayelalamika, mlete kwangu."

Barazani jua lilikuwa limepanda. Watu walipokea pesa zao, wakazihesabu mara mbili, wakatazama ubao tena, kama vile huenda ile 600 ingerudi. Mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu akaanza kuwachangamsha wenzake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wetu hali ugali, hanywi maji, na ghala amelimaliza."

Wakabahatisha panya, wakabahatisha mchwa, mmoja akasema mkwe wake. Mzee akadai apewe mji. Wakampa Newala. Akaikataa, akasema Newala maji ni ya kununua, wampe mji wenye bomba. Wakampa Mtwara, ndipo akanyoosha kidole dirishani, kwenye kompyuta. Watu wakacheka, ila si kwa muda mrefu.

Wakati huo ndipo January alipofika, ametoka upande wa Newala kwa lori la mizigo. Hakuwa na zaidi ya miaka thelathini na minne. Wazee wa foleni wakasogea kumpisha, yule mwenye kofia akavua kofia, akasema shikamoo, na January akaitikia marahaba kwa sauti nzito, ya pole pole, ambayo si ya umri wake. Imakulata aliifahamu sauti ile. Ilikuwa ya marehemu Sultani, na kila mara ilimshtua.

Nyuma yake alikuja Dominika, mjane. Alivaa kaniki nyeusi, iliyopauka mpaka ikawa rangi ya majivu. Mwaka wa tatu sasa alikuwa ndani ya kaniki ile. Msiba wa Sultani ulikuwa haujamalizwa, maana kumaliza msiba kunataka mchele, mbuzi na pombe ya watu, na kila msimu pesa ilikwisha kabla. Mpaka umalizwe hawezi kuivua, hawezi kucheza ngoma, hawezi kuolewa, na akipika kwa jirani watu wanakula kwa adabu tu. Shughuli ilipangwa Jumamosi hii. Mbuzi alikuwa ameshafungwa kambani, kwa ahadi ya korosho hizi.

"Shikamoo baba," Imakulata akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa amemzidi January miaka kumi na miwili.

Akamsogezea karatasi. Hakuweza kuisoma kwa sauti. January aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, na kidole kilipofika chini kikabaki pale. Hakukuwa na malipo. Bado alidaiwa shilingi 3,640.

Imakulata akamweleza yote, kwa sauti ya chini, akijitaja yeye mwenyewe bila kujificha. Kabla hajamaliza, Sadallah alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amewaza, na alikuwa amepata njia. Si mtu mbaya, Sadallah. Alitoka hadi barazani, akamshika January bega.

"Bwana, jambo lako ni jepesi. Wewe ni January, sivyo? Cheti chako cha ubatizo kinasema January. Nitaandika barua kwamba wewe siye Sultani, Sultani amekufa, hamhusiani. Tia saini hapa mbele ya mashahidi hawa. Nakulipa leo hii, yote. Deni namwachia marehemu."

Barazani watu wakageuka kumtazama January. 

Sadallah alitazama nyuso zile na hakuona kitu. Imakulata aliona. Akisema hapa, mchana, mbele ya wazee, kwamba yeye siye, basi Sultani anakufa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumpokea. Shamba linakosa mwenyewe. Nyumba inakosa mwenyewe. Na msiba wenyewe utamalizwa na nani, ikiwa aliyeubeba amejitoa? Pesa angeipata, na shughuli isingekuwepo.

January alisimama na kalamu ya Sadallah mkononi.  Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa kijana kabisa, kijana anayetaka pesa zake. Imakulata alimwombea moyoni, na hakujua anamwombea afanye lipi.

Kisha uso ukatulia, ukazeeka.

"Mimi ni Sultani," akasema, kwa ile sauti.

Akaiweka kalamu chini. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi ya deni, pale marehemu alipokuwa akibandika lake, kwa kuwa hakujua kuandika. January alikuwa amefika darasa la saba.

Sadallah akatikisa kichwa, kama mtu aliyemsaidia mwenzake akakataliwa. Akamwambia Imakulata aite anayefuata.

Lakini Dominika alikuwa ameshafika dirishani.  Akauliza, kwa utulivu, kama anayeulizia bei ya chumvi:

"Mwanangu, humo ndani ya mashine mume wangu anachukua salfa kila mwaka?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka huu pia kaja?"

"Mashine inasema kaja."

"Na mwakani?"

Imakulata alitazama karatasi ya Cyril, akatazama mlango aliosimama meneja. "Nisipomfuta, atakuja."

"Na wakubwa wako wamekubali. Wameweka mihuri."

"Wamekubali, mama."

Dominika akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi mimi si mjane."

Akafungua fundo la kaniki. Ndani alivaa gauni la maua, la zamani, limekunjamana kwa kubanwa. Wanawake wa foleni wakaziba midomo kwa mikono. Hakuna aliyemgusa. Akaikunja kaniki mara mbili, mara nne, vizuri kama nguo ya kuweka sandukuni, akapitisha mkono dirishani, akaiweka juu ya kompyuta.

"Akija Juni, mpeni. Mwambieni nimemngoja vya kutosha."

Akageuka, akashuka ngazi za baraza na gauni lake la maua. January, au Sultani, akamfuata nyuma yake, hatua za mzee.

Sadallah alikuja mpaka kwenye meza. Akasema uchafu huo uondolewe, watu wanangoja. Imakulata akaweka mikono mapajani. Akamjibu kwamba yeye ni mzaliwa wa huku, wa Chidya, na nguo ile haigusi: anayeigusa nguo ya msiba usiomalizwa huubeba msiba wenyewe. Kama ni kazi, basi, aichukue kazi yake.

Meneja akanyoosha mkono wake mwenyewe. Ulifika karibu, nusu shubiri, ukasimama. Akatazama nje, kwenye foleni, na foleni yote ilikuwa ikimtazama, bila chuki, kama watu wanaotazama mtu aliyekaribia ukingo wa kisima.

Akaurudisha mkono mfukoni.

Mpaka umeme unakatika saa tisa, hakuna aliyelipwa tena, na hakuna aliyeondoka.